Makali Niliyobeba Mgongoni

Katibu wa kikundi chetu cha kukereza mbao, Bupe, aliniomba karatasi moja tu. Alisema, "Mzee, tuandikie namna ya kubeba vyombo kutoka nyumbani mpaka karakana. Nitaibandika ukutani, maana hawa wenzangu wanafunga patasi kwenye pikipiki kama wanafunga miwa." Nikasema sawa, kesho utaipata. Hiyo kesho imechukua mwezi na nusu, na karatasi imekuwa daftari. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kufupisha. Kwa hiyo Bupe achukue sehemu anayoona inafaa ukutani, na hizi nyingine mzisome wakati mnasubiri umeme urudi.

Nimeacha kazi mwaka huu kwa ajili ya macho. Mkono bado una adabu, lakini mti ukizunguka kwenye mashine unakuwa na ukingo kama wa moshi, na mimi ule ukingo siuoni tena vizuri. Asiyeuona anakereza kwa kubahatisha. Niliona ni heri niondoke nikiwa na vidole kumi. Mbele huko mtaelewa kwa nini nahesabu vidole.

Nilijiunga na kikundi nikiwa fundi wa milango na madirisha, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Karakana ilikuwa hapa hapa, jengo la zamani la kukusanyia kahawa, pembeni kidogo ya mji wa Tukuyu, na bati lilikuwa linavuja sehemu zile zile linapovuja leo. Kwa hilo kikundi hakijawahi kuyumba. Mashine za kukerezea zilikuwa mbili, zote zinaendeshwa na mota zilizotoka kwenye vinu vya kusagia mahindi. Watu tulikuwa tisa. Mashine ni za kikundi, lakini patasi kila mtu alikuwa na zake, anakuja nazo asubuhi na kuondoka nazo jioni. Wageni hutuuliza kwa nini hatuziachi pale, na kufuli lipo. Hatuogopi wezi. Patasi ikinolewa na mkono mmoja kila siku inauzoea ule mkono, na patasi ya watu wote mwisho wake ni kufungulia makopo ya rangi.

Aliyenifundisha ni Fundi Mgaya, mtu wa Njombe aliyekuja huku kufanya kazi kiwanda cha chai, akastaafu, akagoma kurudi kwao kwa sababu, alisema, Njombe kuna baridi. Wanaoijua Tukuyu ya mwezi wa saba watacheka. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipa patasi nne za kuazima na bobari moja, yaani ile patasi iliyopinda kama mwanzi uliopasuliwa katikati, akaniambia, "Zifunge, nenda nazo nyumbani, kesho urudi nazo."

Nikazifunga kwa gazeti na kamba, nikazitia kwenye kiroba cha mbolea. Nilifikiri nimemaliza.

"Weka chini," akasema. Nikaweka. "Sasa lala juu yake."

"Nilale?"

"Lala chali. Kama wewe huuamini mzigo wako, mwenzako njiani auamini vipi?"

Nikajishusha taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Sikufika chini. Niliruka na tobo kwenye shati. Wale wengine waliacha kazi wakacheka, na mmoja mrefu mrefu alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi Mgaya hakucheka. Alichukua mzigo wake mwenyewe, akauweka sakafuni, akaulalia, akafumba macho, akakoroma kidogo kutuonyesha. Basi hiyo ikawa sheria. Jioni kila mtu alilalia mzigo wake kabla ya kutoka. Mtu aliyepita barabarani na kutuona tumelala sakafuni saa kumi na moja alikuwa na haki ya kudhani tumekunywa.

Niwaeleze shida yenyewe, ingawa labda mnaijua kuliko mimi. Patasi ya kukerezea si kama ya seremala. Mpini wake ni mrefu na ndio wenye uzito. Ukiiweka kwenye kiroba makali yakiwa chini, yanatoboa kiroba na kukuchoma paja. Ukiweka makali juu, mipini inakaa vizuri na mzigo unatulia, lakini makali yanachungulia nyuma ya shingo yako, mahali ambapo huna macho. Sisi sote tulibeba makali juu. Tulitegemea kifuniko.

Kifuniko chetu kilikuwa gome la mgomba, lile kavu. Unalikunja mara tatu kuzunguka chuma, unafunga kwa kamba ya mgomba yenyewe, kila patasi na lake. Ni jepesi, halipitishi makali kirahisi, na linanyonya unyevu kwa hiyo kutu haishiki. Mimi mwanzoni nilifanya kosa la mtu aliyezaliwa katikati ya migomba, nikadhani kila kitu cha mgomba kinafaa kwa kila kazi. Nilifungia gome bichi. Baada ya siku tatu utomvu umekula chuma, patasi nyeusi, ina vidoa kama uso wa mwenye ndui. Fundi Mgaya akaifungua akaitazama muda mrefu. "Kijana," akasema, "unatunza patasi au unavundika ndizi?"

Na gome kavu likilowa, alisema, halina tofauti na kitambaa, na kitambaa hakizuii patasi. Mvua ikilipiga, litupe, chukua jingine. Kwa mvua za kwetu hiyo ina maana unahitaji rundo la magome darini jikoni, juu ya moshi, kila siku ya Mungu. Nililiweka hilo rundo miaka mingi. Naandika hivi ili nisije nikaonekana sikuwa najua.

Yule mrefu aliyeshika nguzo ni Asajile. Tulikuwa rika moja, kijiji kimoja, na tangu wiki ile tulitembea pamoja kwenda karakana na kurudi, dakika arobaini kila upande, njia nyembamba kati ya chai na migomba. Mimi nilitembea mbele, yeye nyuma, kwa sababu mwavuli ulikuwa mmoja na aliyekuwa mrefu ndiye aliyeushika. Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya bega langu, mwavuli ukatufunika wawili. Aliongea njia nzima. Alinisema kwa mwendo wangu, kwa kofia yangu, kwa namna ninavyopiga chafya. Mke wangu alipofariki alitembea nyuma yangu mwezi mzima bila kuongea, akishika ule mwavuli, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Sijawahi kumshukuru kwa hilo. Tulikuwa hatushukuriani, tulikuwa tunataniana.

Kwenye mti alinizidi. Hilo nalisema bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo. Mimi nilikuwa mtu wa miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, vitu vinene. Yeye alikereza vikombe vya mparachichi vyembamba kiasi kwamba ukishika mbele ya dirisha unaona kivuli cha kidole ndani. Kazi hiyo inategemea kidole gumba. Gumba ndilo linaloisukuma bobari na kuihisi.

Fundi Mgaya alifariki, Mungu amrehemu, na ile sheria ya kulalia mzigo ikafifia taratibu. Hakuna aliyeifuta. Leo mmoja ana haraka, kesho mwingine ana mgongo unauma, mwisho mnajikuta mnaikumbuka kwa kuicheka tu. Mimi niliendelea peke yangu muda fulani, kisha nikaona aibu ya kulala sakafuni peke yangu.

Sasa nafika kwenye siku ambayo Bupe hakuiomba.

Mwanangu Lugano alikuwa ameoa, miezi mitatu tu. Yeye anafanya kazi Kiwira, anarudi mwisho wa wiki. Mkewe Atupele, binti wa Kisiba, alikaa kwenye nyumba yao ndogo chini ya kwangu. Vijana wa mjini huenda hamjui, kwa hiyo naeleza: kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawagusani, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anakwepa, anageuza uso mpaka mwenzake apite. Ni heshima. Wengine wameiacha, na siwasemi vibaya. Sisi tulikuwa tunaishika. Miezi mitatu ile nilimjua Atupele kwa moshi wa jiko lake na kwa mgongo wake.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeanza kabla ya mapambazuko. Nilikuwa na nguzo za ngazi za kumaliza na nilichelewa kuamka. Magome makavu yalikuwepo darini, rundo zima. Nilitazama juu, nikatazama mzigo wa jana bado umefungwa, magome yamelowa. Nikasema moyoni, ni siku moja. Nikabeba.

Asajile alinikuta uwanjani na mwavuli. "Ugonile, bwana harusi," akanisalimu, maana nilikuwa nimevaa shati jipya. Tukapanda njia. Tulipofika pale inapobana, chai huku, migomba kule, nikamwona Atupele anatokea juu na mkungu wa ndizi kichwani. Njia ilikuwa inateleza. Yeye ndiye alipaswa kukwepa, lakini nilimhurumia kwa ule mkungu, nikaona nimwahi nikwepe mimi. Nikageuka upesi, nimpe mgongo.

Nilipogeuka, kiroba kiligeuka na mimi. Bobari ilikuwa imeshapita kwenye gome lililolowa, inachungulia nje, na mkono wa Asajile ulikuwa pale ulipokuwa kila siku, juu ya bega langu.

Nilisikia mwavuli unaanguka. Kisha nikasikia Asajile, sauti ya kawaida kabisa: "Ndugu yangu, umenikereza."

Nikageuka. Kwenye shina la kidole gumba, upande wa kiganja, palikuwa pamefunguka na damu inatoka kwa kuruka. Akaketi kwenye matope. Mimi nilisimama. Sijui nilisimama muda gani; napenda kufikiri ni mfupi. Ni Atupele aliyetupa mkungu, akaja mbio, akapasua kitenge chake kwa meno, akauinua mkono wa Asajile juu.

"Baba, shika hapa," akaniambia. "Bana. Baba! Usiachie."

Nikabana. Mikono yangu na mikono yake ilikuwa kwenye mkono mmoja, na yeye akazungusha kitenge akafunga juu ya vidole vyangu, akanivuta kidole kimoja kimoja nikitoe. Nikamwona uso. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Miezi mitatu alikuwa mtoto wangu na nilikuwa sijui kwamba ana kovu.

Asajile akatutazama, midomo imekuwa kijivu. "Mmeonana sasa," akasema. "Ilibidi mimi nife ndipo muonane?"

"Hufi, baba," Atupele akamwambia. "Nyamaza, inua mkono."

Tulimfikisha barabarani, nikapanda naye pikipiki mpaka hospitali ya Igogwe. Wakamshona vizuri. Daktari alieleza kwa upole kwamba kile kinachokunja gumba kilikuwa kimekatika, wameunga, na majibu yatatoka baada ya miezi. Niseme mapema msibaki na wasiwasi: gumba lilirudi nusu. Alijifunza kushika mpini kwa vidole vinne na kuuegemeza kwenye kiwiko, akakereza miguu ya viti miaka mingine mingi. Vikombe vile vyembamba hakukereza tena. Viwili vilivyobaki ninavyo mimi. Alinipa, na nilijaribu kukataa.

Jioni niliporudi nilikuta patasi zangu zote barazani, zimefutwa matope, zimekaushwa, zimefungwa moja moja kwa vipande vya kitenge kilichobaki. Hakuna aliyeniambia nani ameziokota.

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa anakaa kwangu tangu mke wangu afariki, alikuwa ananisubiri. Nataka niwe wa haki kwake. Huyu ndiye aliyenilea, na alikuwa ananipenda kwa namna ya kutafuta nani wa kulaumiwa badala yangu.

"Ulimwona uso?" akauliza.

"Nilimwona."

"Akakugusa?"

"Alinigusa."

"Basi ndiyo hiyo. Kakukatiza njia, damu imemwagika. Mkamwana gani haoni baba mkwe anakuja?"

Hapo ndipo nilitakiwa kusema. Maneno yenyewe ni machache: magome yalikuwa yamelowa na nililijua hilo. Badala yake nikasema, "Nimechoka, dada," nikaenda kulala.

Jumapili kanisani habari ilikuwa imeshapata umbo. Mkamwana kamkatiza mzee njia, fundi kapoteza mkono. Watu walinishika bega, wakanipa pole. Nilizipokea. Lugano alikuwa amerudi, akanifuata nyuma ya nyumba, akasimama akichezea funguo. "Baba," akasema, "ni kweli ni yeye?"

Nikamwambia, "Tuliache kwanza."

Lugano si mtu wa kubishana na mimi. Aliliacha. Jumatatu akaondoka kwenda Kiwira, na Atupele akafunga nguo zake akarudi kwao Kisiba. Hakufukuzwa. Hakuna aliyemwambia neno. Ila aliona nyumba nzima imemgeuzia mgongo, na kwetu mgongo unaweza kuwa heshima na unaweza kuwa kitu kingine, na mwenye kugeuziwa anajua tofauti.

Wiki mbili nilipita mbele ya ile nyumba ndogo isiyo na moshi. Nilikuwa najiambia maneno mazuri: kwamba mila ni mila, kwamba atarudi akitulia, kwamba nikisema sasa nitamwaibisha dada yangu. Nilikuwa nafunga magome makavu kila asubuhi, makavu kweli kweli, kama vile hayo yangefidia.

Asajile alikuja wiki ya tatu, mkono umening'inizwa shingoni. Hakuketi.

"Nimesikia mkamwana wako ndiye aliyenikata," akasema. "Kumbe na yeye ana bobari? Anakereza nini?"

Nikachukua gome, nikaanza kulikunja.

"Gwe, nakuuliza. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nimeyaona yale magome kutoka uwanjani mwako mpaka pale. Yamelegea kama ulimi wa ng'ombe. Sikukwambia, nikajua utajua mwenyewe. Hilo ni langu, nimelichukua. Lako liko wapi?"

"Nisamehe, Asajile."

"Kidole nimekusamehe pale pale njiani. Hili la mtoto wa watu si langu, siwezi kukusamehe."

Nikamwambia dada yangu siku hiyo hiyo, Asajile akiwa amesimama mlangoni kama karani wa mahakama. Dada alilia, kisha akakasirika, kisha akaniuliza kwa nini nilimwacha aseme yote yale kanisani. Nikampigia Lugano simu. Nikamweleza na yeye. Akasema, "Kamwambie yeye, baba. Mimi sikuwepo, na nilipokuja sikuuliza mara ya pili."

Tulikwenda Kisiba mimi na Asajile. Nilichukua kiroba changu na patasi zote, nimezifunga kama zilivyokuwa siku ile, magome niliyoyalowesha kwa makusudi. Sina ulimi wa kueleza jambo bila kulishika mkononi. Asajile alikataa kutembea nyuma yangu. Alitembea mbele kabisa.

Baba yake Atupele, mzee mfupi mwenye koti la mvua, alitupokea uwanjani, akanitazama mgongoni.

"Mkwe," akasema, "umekuja kwa amani au umekuja na silaha?"

"Nimekuja kukuonyesha."

"Basi onyesha ukiwa umekaa mbali."

Walinipa kigoda, nikakigeuza nikakaa kuipa nyumba mgongo, kwa sababu nilijua Atupele yuko ndani. Nikavitoa vyombo kimoja kimoja. Nikamwonyesha yule mzee gome lililolowa, nikaisukuma bobari kwa kidole kimoja tu, ikapita. Nikamwambia rundo la makavu lilikuwa juu ya kichwa changu na niliona uvivu. Nikamwambia binti yake alibeba mzigo wake vizuri, mimi ndiye sikubeba wangu. Kwamba aliniambia "usiachie," na baadaye mimi nilimwachia yeye. Hapo nikajifanya nafunga kamba.

Mzee alishika lile gome, akalikunja, akalikunjua. "Wiki tatu," akasema.

"Wiki tatu."

"Mwanangu amekaa hapa wiki tatu anauliza amekosa nini. Mimi nilimwambia hata mimi sijui."

Hakunifokea. Ningependa angefoka. Tukakaa. Kuku walipita. Kisha sauti ikatoka ndani, nyuma yangu, kupitia dirishani.

"Baba Asajile, mkono unaendeleaje?"

"Upo, mwanangu. Gumba limekuwa mvivu, limemwiga rafiki yangu."

Nikasikia kama kicheko kilichozuiwa. Kisha nikajua sasa anasema na mimi, ingawa hakuniita.

"Nitarudi," akasema. "Ila baba asibebe tena vile vitu mgongoni. Avibebe mbele, kifuani, kama tunavyobeba mtoto mchanga anayenyonya. Mtu akibeba kitu mbele anakiona. Na akitaka kugeuka, kinageuka mbele ya macho yake."

Baba yake akaguna. Asajile akasema, "Mzee mzima atembee na patasi kama ananyonyesha?"

"Ndiyo."

"Ndaga fijo," nikasema, yaani asante sana. Ndilo neno lililokuja. Nikalisema kuelekea migomba, maana sikuweza kugeuka.

Mama yake akaleta turubai kuukuu. Atupele akalishona mle ndani, mifuko sita iliyosimama pamoja, midomo yake ikikunjwa na kufungwa juu ya makali, na mkanda mpana wa kuvaa shingoni na kiunoni. Akampa baba yake, baba yake akampa Asajile, Asajile akanivika kwa mkono mmoja huku akinisema. Kwa hiyo, Bupe, huo mfuko wa turubai wa kifuani ambao kikundi kizima mnauvaa leo na kudhani ni ufundi wa Mgaya, si wa Mgaya. Ulishonwa Kisiba na mtu ambaye hajawahi kushika patasi isipokuwa siku moja, akiziokota kwenye matope. Turubai lazima liwe kavu. Makali yaelekee juu, chini ya kidevu chako mwenyewe, uyaogope. Usitembee na mtu ubavuni. Hayo ndiyo ya ukutani, yanaenea karatasi moja.

Tulishuka gari barabarani tukaanza ile njia ya nyumbani, watu watatu. Mimi nilitangulia na patasi kifuani, nazitazama. Asajile nyuma yangu, na nyuma yake Atupele na furushi lake. Manyunyu yalikuwa yameanza na mwavuli ameushika yeye, kwa sababu Asajile hakuweza, na mimi ulikuwa haunifikii. Nililowa na sikujali. Tulipofika pale inapobana niliukumbatia mfuko kwa mikono miwili. Tukapita. Mbele kidogo nikasikia Asajile anaanza kumsimulia kuhusu siku yangu ya kwanza karakana, ile ya shati kutoboka, na anaongeza chumvi nyingi, na Atupele anasema, "Weee! Baba huyu huyu?" kisha anacheka, safari hii bila kukizuia kicheko.

Nilitamani sana kugeuka nimwone akicheka. Sikugeuka. Nikapunguza mwendo kidogo, nisikose hata neno.